Geuza ploti kwanza, namba baadaye

Swali la mteja wa Lubumbashi ni lile lile siku zote: “Kiongozi, inakamata ao haikamati?” Amebeba bamba la kauri lililopakwa upande mmoja na anataka namba. Namba ipo, mashine ya kuvuta inaitoa chini ya dakika moja na nusu. Ila kwenye kompoziti za kauri, yaani kauri iliyotiwa nyuzi ndani, namba hiyo ina uongo mwingi kuliko kwenye chuma, na makosa karibu yote ya kazi hii yanaanzia kwa mtu aliyeandika kipimo daftarini kabla ya kugeuza ploti na kutazama uso wake.

Ploti, kwa asiyeijua, ni kile kipande cha chuma cha duara kinachobandikwa kwa gundi juu ya mpako, kisha mashine inakivuta kwenda juu mpaka kitu fulani kiachie. Hicho “kitu fulani” ndicho kazi yenyewe. Huenda ni mpako umebanduka kwenye kauri. Huenda ni mpako umepasuka katikati ya unene wake. Huenda ni gundi. Na kwenye kompoziti, mara nyingi kuliko watu wanavyofikiri, ni kauri yenyewe imechanika kwa ndani, huku mpako ukiwa umeishika vizuri kabisa.

Kauri hii imefumiwa nyuzi ndani ili isivunjike kama sahani. Zinazofika mezani hapa ni za oksidi: nyuzi za alumina (oksidi ya alumini) ndani ya mwili wa alumina wenye vitundu vingi vidogo, mabamba ya milimita 3 hadi 6, ngao za joto karibu na vichomeo, mifuko ya kulindia termokopo (vipimajoto vya waya) kwenye tanuru za mukuba, yaani shaba. Juu yake hupakwa uji wa alumina au wa zirkoni (silikati ya zirkoniamu) wenye kishikizo cha fosfati, ambao ukishachomwa unabaki na unene wa milimita 0.2 hadi 0.5, kuzuia skoria (taka iliyoyeyuka ya tanuru) na mvuke visile nyuzi. Ndugu zake wa bei kali ni zile za silikoni kabidi zilizomo kwenye turbini za ndege. Injini ya LEAP iliyoanza kuruka na abiria mwaka 2016 ina pete ya aina hiyo. Nazo zinahitaji mpako, kwa sababu mvuke wa maji wenye joto kali hugeuza silika inayoota juu yake kuwa gesi na kuipeperusha, kauri inaliwa kidogo kidogo.

Sasa, nyuzi zimelala kama mikeka iliyopangwa mmoja juu ya mwingine. Ukilivuta bamba kwa urefu wake, nyuzi zinabeba. Ukilivuta kwenda juu, kama ploti inavyofanya, hakuna uzi unaobeba. Kilichopo kati ya mkeka na mkeka ni unga ulioungana kwa moto tu. Kwa kauri ya oksidi yenye vitundu, nguvu ya upande huo huwa megapaskali chache (MPa, yaani nyutoni kwa kila milimita ya mraba). Tuseme mpako una mshiko wa 8 MPa na mikeka inaachana kwa 4. Mashine itasema 4. Badilisha kishikizo, ongeza joto la kuchoma, boresha mpako ufike 12: mashine itasema 4. Mteja ataondoka akiamini marekebisho yake hayakusaidia, na huenda akaacha kitu kizuri kwa sababu ya kipimo kilichokuwa kinapima kitu kingine.

Kwa hiyo kabla ya mpako wowote, vuta bamba tupu la kundi lile lile, vipande sita. Hiyo ndiyo dari. Halafu bandika ploti kwa ploti, chuma kwa chuma, kwa gundi ile ile, nayo uivute: hiyo ni dari ya pili, ya gundi. Mpako unaweza kupimwa tu chini ya dari ya chini kati ya hizo mbili. Ukifika hapo, andika “zaidi ya 4”, usiandike “4”. Wateja hawalipendi neno “zaidi ya”. Wazoee.

Gundi ndiyo inayoharibu vipimo vingi zaidi, na inaharibu kwa njia ambazo hazifanani. Ya kwanza ni kunywewa. Mpako wa kauri una vitundu. Gundi nyepesi ya epoksi inashuka ndani yake kama chai kwenye mkate, inafika kwenye kauri na kuishika moja kwa moja. Ikikauka, mpako umekuwa mchanganyiko wa kauri na plastiki, wenye nguvu kuliko mpako uliotoka kwenye tanuru. Kanuni ya ASTM C633, iliyotungwa kwa mipako ya kunyunyizwa kwa moto, inataka unene uzidi milimita 0.38 kwa sababu hiyo hiyo. Mipako ya milimita 0.2 haifikii hapo, hivyo tumia gundi ya epoksi iliyo nzito kama lami na usiipashe moto kabla ya kubandika, maana joto huifanya iwe nyepesi. Tia ndani yake rangi ya unga kidogo sana, nyekundu au bluu. Baada ya kuvuta, kata kipande kimoja ubavuni na utazame kwa lupu (kioo cha kukuzia) rangi imeshuka wapi. Ikiwa imefika kwenye kauri, kundi lote linatupwa, hata kama namba zake ni tamu. Gundi yenye rangi nayo lazima ipite jaribio la ploti kwa ploti, usije ukaidhoofisha mwenyewe.

Ya pili ni wingi. Chini ya ploti ya milimita 20, gundi yenye unene wa milimita 0.1 ni milimita za ujazo 31 tu, kama kichwa cha njiti ya kiberiti kilichonenepa. Watu wanaweka mara tano ya hapo. Inayozidi inatoka pembeni na kufanya pindo. Pindo la milimita 1 kuzunguka linafanya ploti ya 20 ivute eneo la 22: badala ya milimita za mraba 314 unavuta 380, asilimia 21 zaidi, lakini mashine inaendelea kugawanya kwa 314. Futa pindo kwa kijiti cha mbao kabla halijashika, si kwa kitambaa chenye asetoni, kwa sababu asetoni inaingia chini ya ukingo.

Ya tatu ni baridi. Watu wa nje hudhani Kongo yote ni joto. Usiku wa Juni na Julai hapa Lubumbashi, kwenye mwinuko wa mita 1,200 na kitu, kipimajoto hushuka chini ya nyuzi 10. Gundi iliyoandikwa “saa 24” iliandikiwa nyuzi 20 au 25. Kwa makadirio ya kazini, kila nyuzi 10 zinazopungua zinaongeza muda mara mbili hivi. Ploti iliyobandikwa saa kumi jioni na kuvutwa kesho yake asubuhi inatoka na gundi inayonata bado, na fundi anaandika kwamba mpako ni dhaifu. Sanduku la mbao za plaiwudi lenye balbu ya wati 60 ya aina ya zamani linatosha kushika nyuzi 35 hadi 40. Delestaji, yaani umeme kukatwa kwa zamu, ikija, jerikani la maji ya moto ndani ya sanduku hilo hilo linaokoa usiku. Ukitaka kujua kama gundi imeiva, bonyeza kwa ukucha ile iliyobaki kwenye kibao cha kuchanganyia: ikiacha alama, ngoja. Na usichanganye chini ya gramu 10, hata kama unahitaji moja. Kwenye gramu mbili, tone moja la kigumishi ni kosa kubwa.

Msimu wa mvua una shida yake. Kauri yenye vitundu inakunywa unyevu wa hewa bila kuonyesha, na gundi juu ya unyevu haishiki. Kausha vipande kwa nyuzi 110 mpaka mizani isome uzito ule ule mara mbili mfululizo kwa usahihi wa gramu 0.01, kisha vipoe ndani ya chombo kilichofungwa chenye silika jeli. Ukivitoa, bandika ndani ya nusu saa. Wakati wa kiangazi tatizo ni vumbi jekundu, ambalo linatulia juu ya mpako kama poda. Lipulize kwa hewa kavu isiyo na mafuta. Kompresa ya gereji inatema mafuta, ijaribu kwanza kwenye karatasi nyeupe.

Bamba la milimita 3 halivutwi likiwa peke yake. Miguu ya mashine inasukuma chini kuzunguka ploti, ploti inavuta juu, bamba linajikunja, na mpako unaanza kubanduka kutoka ukingoni kama stempu badala ya kuachia wote pamoja. Bandika mgongo wa bamba kwenye kipande cha chuma cha milimita 15 au zaidi. Bora kuliko hapo, kata viduara vya milimita 25 na uvibandike katikati ya silinda mbili za chuma, moja juu moja chini, zivutwe kwenye mashine yenye viungo vinavyojinyoosha. Kukata ni kwa keekee ya almasi yenye mdomo wa duara, polepole, maji yakitiririka, mpako ukiwa juu na ubao umebanwa chini. Bila ubao, keekee ikitokea upande wa pili inafumua mikeka ya mwisho, na umeshaweka ufa kabla ya kupima. Barakoa ya vumbi laini ni lazima hata kama unakata kwa maji, kwa sababu tope likikauka mezani linageuka vumbi.

Kunyooka ni jambo ambalo macho hayalioni. Nguvu ikipita milimita 1 kando ya kitovu cha ploti ya 20, mkazo wa ukingo mmoja unapanda asilimia 40 juu ya wastani. Hesabu yake ni 1 jumlisha mara nane ya mkengeuko ukigawanya kwa kipenyo. Mpako unaachia pale ukingoni na mashine inaandika wastani, yaani namba ndogo kuliko ukweli. Fundi wa kukereza ndiye wa kwanza kulaumiwa na mara nyingi hana kosa: ploti ni safi, ila iliteleza juu ya gundi kabla ya kushika. Kifunge cha pembe tatu chenye tundu katikati, au hata vipande vitatu vya utepe wa karatasi, vinaishikilia mahali pake. Juu yake weka uzito wa kilo 1, usizidishe.

Je, kukata mpako kuzunguka ploti? Kwenye rangi iliyopakwa juu ya chuma watu wanabishana bila kumaliza. Kwenye mpako wa kauri mgumu tunakata, lakini mpaka mwisho wa mpako tu, kola ya kuzuia kina kisizidi ikiwa imefungwa kwenye keekee. Ukishuka milimita moja zaidi, umekata nyuzi za mkeka wa juu, na dari yako imeshuka bila wewe kujua.

Ukubwa wa ploti unategemea unachotarajia. Mashine yenye upeo wa 20 MPa kwa ploti ya milimita 20, ikipewa mpako wa 2 MPa, inasoma kwenye asilimia 10 ya kwanza ya uwezo wake, mahali ambapo mshale unatetemeka tu. Weka ploti ya 50: eneo ni milimita za mraba 1,963, upeo unakuwa 3.2 MPa, na ile 2 inasomeka juu ya nusu. Tena ploti kubwa inafunika mafumo mengi ya kitambaa, haiangukii juu ya uzi mmoja. Mwendo wa kuvuta, kwa ISO 4624, kanuni ya kupima mshiko kwa kuvuta, usizidi 1 MPa kwa sekunde, na yote yaishe ndani ya sekunde 90. Kwa mpako unaotarajiwa 5 MPa, 0.15 kwa sekunde inakupa kama sekunde 33. Pompa ya mkono inafaa hapa kwetu kwa sababu haiulizi umeme, lakini mkono una tabia ya kuharakisha ukikaribia mwisho. Mwenzako ahesabu sekunde kwa sauti.

Tuseme imeachia. Usiguse. Chukua ploti na shimo lake, viweke kando kwa kando, picha moja ya vyote viwili pamoja na alama. Nyuso hizo mbili lazima zifanane kama mtu na kioo: penye kilima huku pawe na bonde kule. Pasipofanana, kuna chembe imedondoka. Itafute kabla ya kufagia meza.

Halafu lupu ya mara 10. Uso wa kauri iliyochanika ndani unatambulika: vichwa vya nyuzi vinachomoza kama ufagio uliolika, na mistari ya mfumo wa kitambaa inaonekana. Uso wa mpako ulioachia kwenye kauri ni mtulivu, wenye nakala ya mawimbi ya kitambaa bila uzi hata mmoja. Gundi inang’aa. Tatizo liko kwenye nyeupe juu ya nyeupe, kwa kuwa mpako wa alumina juu ya kauri ya alumina ni rangi moja. Hapo dondosha tone dogo la maji, au la wino uliozimuliwa, kwa sindano. Kwenye kauri yenye vitundu tone linazama mara moja na kuacha doa. Kwenye mpako uliochomwa vizuri linachelewa. Kwenye gundi linakaa juu kama umande kwenye jani la muhogo. Jaribio la senti chache, na limemaliza ubishi mwingi kuliko darubini.

Kadiria asilimia kwa kuweka karatasi angavu yenye miraba 10 kwa 10 juu ya picha, uhesabu. Herufi za ISO 4624 zinatosha: A ni mwili umechanika, A/B ni kati ya mwili na tabaka la kwanza, B ni ndani ya tabaka la kwanza, Y ni gundi. Kwa kompoziti tunaongeza neno baada ya A: “juu” kama ni mkeka wa kwanza tu umeng’oka, “ndani” kama ni chini zaidi. Tofauti ni kubwa. “A juu” ikijirudia karibu kila ploti, shuku maandalizi: kuna mtu amepiga mchanga wa shinikizo kubwa ili mpako ushike, akavunja nyuzi za juu, na sasa mpako umeshika vizuri kitu kilichokufa. Kwenye chuma, kupiga mchanga ni dawa. Kwenye kauri ya nyuzi, msasa laini kwa mkono na hewa kavu vinatosha.

Ploti iliyoachia kwenye gundi kwa zaidi ya nusu ya uso haiingii kwenye wastani. Ipo, inaandikwa, lakini kama “zaidi ya”. ISO inataka angalau sita. Kwa kauri ni afadhali kumi, kwa sababu kitu kigumu kinachovunjika ghafla hutoa namba zilizotawanyika. Andika zote, ya chini kabisa ikiwa ya kwanza. Tanuru haijui wastani. Mpako unaanza kubanduka pale palipo dhaifu zaidi.

Yote hayo ni ya siku ya kwanza, na siku ya kwanza ni nusu ya habari. Mpako wa kulinda joto upimwe pia baada ya kuingia na kutoka motoni: kundi moja likiwa jipya, jingine baada ya mizunguko 10, jingine 50, jingine 100. Dakika 15 ndani kwa nyuzi 1,000, dakika 15 nje juu ya tofali kavu. Usipande ovyo juu ya hapo, maana nyuzi nyingi za alumina huanza kudhoofika kati ya 1,000 na 1,200 kutegemea aina, na utakuwa unaishusha dari tena. Tanuru likikatikiwa umeme katikati ya mzunguko, vipande vilivyokuwa ndani vinapewa alama yao na havirudi kwenye kundi.

Kinachovunja mshiko hapa ni kutanuka kusikolingana. Zirkoni hutanuka kama sehemu 4.5 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya joto, alumina kama 8. Ukipoza kutoka 1,000, kauri ya alumina inasinyaa kuliko mpako wake wa zirkoni kwa asilimia 0.3 na kitu. Mpako unabanwa, hauna pa kwenda, unainuka kama rangi ya ukuta wenye unyevu, kuanzia kingo na pembe. Kinyume chake ni zirkonia ya itria (oksidi ya zirkoniamu, si zirkoni ile), yenye 10 na zaidi, juu ya silikoni kabidi yenye 4.5: mpako unavutwa na kupasuka vipande vipande kama tope la dimbwi lililokauka. Ndiyo sababu watu wa injini waliacha zirkonia kwa kauri hizo, wakaweka tabaka la silikoni na juu yake silikati ya iterbiamu ambazo zinatanuka karibu sawa na mwili. Hata huko hakukosi adui: silikoni ile inaota silika chini ya mpako, na silika hiyo ikipoa hubadili umbo karibu na nyuzi 220 hadi 270, inasinyaa ghafla na kupasuka. Ukiona uso umeachia kwenye tabaka hilo jembamba, tatizo si gundi wala maandalizi, ni muda uliokaa motoni.

Kati ya mizunguko, gonga. Kwingine hugonga kwa sarafu. Sisi tunatumia noti tupu, basi boliti ya M8 inafanya kazi hiyo. Sauti kavu ya juu ni salama, sauti iliyofifia kama debe lenye nguo ni mpako ulioachana na mwili. Zungushia penseli pale, na usibandike ploti hapo ukadhani umechagua kwa bahati.

Ripoti inabeba aina ya bamba na unene, dari zote mbili, unene wa mpako kwa pointi tano, gundi na joto lililoiivisha, mwendo wa kuvuta, kila namba na herufi yake, na picha. Ploti zilizovutwa hazisafishwi siku hiyo. Zinakaa kwenye trei ya mayai, uso juu, kila moja na alama yake, angalau miezi sita. Mteja akirudi na ngao iliyobanduka kwenye kichomeo, tunaweka kipande chake kando ya trei, tunadondosha tone la maji pande zote mbili, na tunatazama kama vimeachia mahali pamoja.